Je, Ajali Haina Kinga?

Miongoni mwa misemo inayotamkwa mara nyingi katika matanga ya nchi zetu, uko huu: "Ajali haina kinga." Gari limepinduka, mume amefiwa na mkewe, au watoto wameachwa yatima. Jamaa wanakusanyika, mikeka inatandikwa, na punde si punde mzee mmoja atautamka msemo huo, na wote waliohudhuria watatikisa vichwa kukubali. Mwingine ataongeza kuwa kazi ya Mungu haina makosa. Hapo mazungumzo juu ya chanzo cha msiba huwa yamefungwa. Anayethubutu kuuliza kama tairi lilikuwa zima, au kama dereva alikuwa amepata usingizi usiku uliotangulia, huonekana mtu mwenye imani haba na ulimi mrefu.

Sisi tunaofundisha dini huulizwa jambo hili mara kwa mara, hasa na wenzetu walioingia Uislamu karibuni na wale ambao bado wanachunguza. Husema: "Mnatufundisha kuamini kadari. Kama kila jambo limekwisha kadiriwa, kuna faida gani ya kufunga mkanda garini? Na aliyemgonga mtu barabarani ana kosa gani, iwapo saa ya yule mtu ilikuwa imefika?" Swali hili si la mzaha, wala haifai kumkemea anayeliuliza. Likiachwa bila jibu, mmoja atatoka akidhani kuwa dini inawalea wazembe, na mwingine atatoka akiwa mzembe kwa jina la dini. Yatupasa kulitazama kwa makini.

Mfano wa safari ya Nyamiaga

Tupige mfano. Watu tutakaowataja hapa si watu fulani wanaojulikana. Mfano umejengwa kwa mambo ambayo msafiri yeyote wa njia ile anayafahamu.

Mume na mke wanaishi Mwanza. Ni mwisho wa mwaka, mume amepewa likizo, na wamekata shauri kwenda kwa gari lao dogo hadi Nyamiaga, wilayani Ngara, kuwasalimu wazazi wa mke. Nyuma ya gari wamepakia sukari, mchele, kanga za mama mkwe na blanketi la baba mkwe, maana vilima vya Ngara vina baridi usiku. Safari ni ya furaha. Hata hivyo usiku uliotangulia mume hakulala ila saa chache, na tairi moja la nyuma limekuwa kipara. Analijua hilo. Amesema atalibadilisha watakaporudi.

Wanavuka Kigongo na kufika Busisi. Zamani hapo palikuwa na kivuko, na magari yalipanga foleni yakingoja zamu. Dereva alipenda asipende alishuka, akanyoosha miguu, akanunua samaki au chungwa, akapumzika. Tangu mwezi wa Juni 2025 lipo daraja refu la takriban kilomita 3 juu ya ziwa, na mtu huvuka kwa dakika chache. Hiyo ni neema kubwa kwa watu wa Kanda ya Ziwa. Lakini lile pumziko ambalo maji yalimlazimisha msafiri, sasa hana budi kujilazimisha mwenyewe, na mume huyu hakujilazimisha.

Wanapita Sengerema na Geita. Wanafika Biharamulo jua likiwa limeinama. Mke anamtazama mumewe, anaona macho yamekuwa mekundu. Anasema kwa upole: "Baba watoto, tulale hapa. Alfajiri tutaendelea." Mume anajibu: "Mungu yupo, mama. Wazee wanatungoja." Mke ananyamaza. Wanaingia Lusahunga na kuishika barabara kuu iendayo Rusumo, mpakani mwa Rwanda, njia ya malori makubwa yanayopeleka shehena Kigali na kwingineko. Giza linaingia. Mbele ya Nyakahura yupo mtu anayesukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi, anarudi kwake. Dereva anasinzia kidogo tu, anazinduka, anakata usukani kwa nguvu. Lile tairi linapasuka, na gari linamzoa yule mtu kabla ya kuingia mtaroni.

Siku ya pili mume na mke wanafika Nyamiaga katika gari la watu. Mke amefungwa mkono kwa bendeji, mume ana karatasi ya polisi mfukoni, na mwenye baiskeli amekwisha zikwa. Wazee wa Kihangaza wanawapokea kwa huzuni, na mmoja anasema: "Ajali haina kinga." Mume anaitikia haraka: "Ni amri ya Mungu." Mke hasemi kitu, lakini mdomoni analo neno moja linalomchoma: "Nilikuambia."

Tuongeze jambo moja. Saa ile ile, katika barabara ile ile, lilipita gari jingine. Dereva wake naye alikuwa hajalala, tairi lake nalo lilikuwa kipara, naye alisinzia vile vile, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Akazinduka, akafika kwao salama. Watu wakasema Alhamdulillahi, naye akala chakula akalala.

Basi tuulize: Je, ni kweli kwamba jambo hili lilikuwa amri ya Mungu tu? Na kati ya madereva hawa wawili, ni yupi mwenye hatia?

Neno "ajali" na maana yake

Ni vema tuanze na neno lenyewe. "Ajali" ni neno lililotoka katika Kiarabu, na huko maana ya "ajal" ni muda uliowekwa, yaani ukomo wa kitu, na hasa ukomo wa uhai wa mtu. Katika Kiswahili cha wazee wetu neno hili lilibeba maana hiyo hiyo: ajali ya mtu ilikuwa siku yake iliyoandikwa. Kwa maana hiyo msemo wetu ni wa kweli kabisa. Kurani Tukufu inafundisha kwamba ukomo ukifika haucheleweshwi wala hautangulizwi hata kwa saa moja. Mauti yakija, hayana kinga.

Lakini lugha husafiri kama watu. Kadiri siku zilivyopita, na magari yalivyokuja, neno hili likahamia kwenye tukio la ghafla lenye kuleta madhara: gari kupinduka, chombo kuzama, nyumba kuungua. Msemo nao ukahama pamoja na neno, bila mtu kuuchunguza. Yaliyosemwa juu ya mauti sasa yakasemwa juu ya tairi kipara. Hapo ndipo kosa lilipoingia. Kwamba siku ya kufa haina kinga ni imani. Kwamba gari kugonga mtu hakuna kinga ni uvivu uliovaa kanzu ya imani. Wazee wale wale waliotuachia msemo huu walituachia pia kwamba tahadhari ni kabla ya hatari, na kwamba haraka haraka haina baraka. Kama matukio yote hayana kinga, wosia huo ungekuwa na maana gani?

Kuyatenga mambo haya mawili si mchezo wa maneno. Yupo mume na mke mashuhuri waliojionea tofauti yake katika nchi jirani ya Uganda. Mwezi wa Januari 1954 mwandishi wa Marekani, Ernest Hemingway, alikuwa amemkodia mkewe Mary ndege ndogo ili azione nchi zetu kutoka juu, kama zawadi ya Krismasi. Tarehe 23, karibu na maporomoko ya Murchison, rubani alipowakwepa ndege wa angani aligonga waya mkongwe wa simu, na chombo kikaanguka. Walilala porini kando ya Mto Nile, kisha wakachukuliwa kwa mashua hadi Butiaba, katika Ziwa Albert. Jioni ya tarehe 24 ikaletwa ndege nyingine kuwachukua. Nayo ilishika moto ilipokuwa ikijaribu kuruka. Magazeti ya dunia yalikwisha tangaza kifo chake, naye alikuwa hai, akasafirishwa kwa gari hadi Masindi na baadaye Entebbe.

Ajali yake, kwa maana ya ukomo wake, ilikuwa haijafika. Aliishi hadi mwaka 1961. Lakini kule kutofika kwa ukomo hakukumkinga na kuumia. Kichwa kilipasuka, viungo vya ndani vilijeruhiwa, ngozi iliungua, na Mary alivunjika mbavu. Tunajifunza nini? Kwamba siku ya mtu imo mikononi mwa Mungu, lakini waya, moto na uwanja mbaya wa ndege ni mambo ya sababu, nayo hufanya kazi yake juu ya mwili wa mtu. Anayesema "siku yangu haijafika" hajasema lolote juu ya miguu yake, macho yake, wala juu ya miguu na macho ya watu wengine anaopita karibu yao.

Kadari haipingani na sababu

Uislamu haukumwachia mtu nafasi ya kuyachanganya mambo haya. Imepokewa katika mkusanyo wa Tirmidhi kuwa mtu mmoja alimuuliza Mtume Mtukufu s.a.w. kama amfunge ngamia wake kisha amtegemee Mungu, au amwache huru na kutegemea. Mtume s.a.w. alimwagiza amfunge, kisha ategemee. Kamba ya ngamia wa zama zile ndiyo breki, mkanda na tairi zima la zama zetu. Asiyefunga kamba hamtegemei Mungu, anamjaribu.

Vile vile lipo tukio la Seyidna Umar r.a., karibu mwaka 639, alipokuwa njiani kwenda Shamu. Alipofika mahali paitwapo Sargh alipata habari kuwa huko mbele kuna tauni, naye akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubaida r.a. akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar r.a. alijibu kwamba ndiyo, anaikimbia kadari ya Mungu na kuielekea kadari ya Mungu. Kisha akampigia mfano wa mchunga ngamia mwenye bonde lenye pande mbili, moja lina majani na la pili ni kavu. Popote atakapochunga, atachunga kwa kadari ya Mungu. Lakini nani atamsifu mchungaji anayewapeleka wanyama kwenye ukavu kwa hoja hiyo?

Mume wetu pale Biharamulo alikuwa na pande mbili za bonde mbele yake: kulala au kuendelea. Zote mbili zilikuwa ndani ya kadari. Yeye ndiye aliyechagua.

Na tuangalie alichokuwa akikinunua. Kutoka Lusahunga hadi Rusumo ni takriban kilomita 92. Anayekwenda kilomita 80 kwa saa humaliza njia hiyo kwa dakika 69. Anayekimbiza gari kwa kilomita 120 humaliza kwa dakika 46. Faida yote ni dakika 23, muda wa kunywa chai na kumaliza salamu. Kwa upande mwingine, gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hupita karibu mita 28 kwa kila sekunde. Dereva akisinzia kwa sekunde 3, gari limekwenda zaidi ya mita 80 bila mwenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa kila mwaka barabarani, na kwamba kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna kitu kinachoua zaidi. Nchi zinazotengeneza barabara zake na kusimamia sheria zake hufiwa na watu wachache kuliko nchi zisizofanya hivyo. Je, Malaika wa mauti anaheshimu mipaka ya nchi? La hasha. Watu wa huko wamefunga ngamia.

Watu wa Ngara na Biharamulo wana ushahidi mwingine mkubwa zaidi kuliko hesabu hizi. Baada ya vita na mauaji ya mwaka 1994 katika nchi jirani, silaha zilienea katika ukanda ule, na kwa miaka mingi majambazi walivamia magari porini. Wasafiri walikuwa wakisimama na kungoja hadi magari yawe mengi, kisha yakasindikizwa na askari wenye bunduki. Waislamu walingoja, na Wakristo walingoja. Hapakuwa na aliyesema, "Mungu yupo, mimi natangulia peke yangu." Basi kama tuliweza kungoja kwa saa nyingi kwa kumhofu mwizi, kwa nini tushindwe kungoja usiku mmoja kwa kuuhofu usingizi? Mwizi alitaka mali yetu, na mara nyingine aliacha uhai. Usingizi hauachi.

Aidha, dini yenyewe imekwisha kukiri kuwa safari huchosha. Msafiri amepunguziwa rakaa za Sala, na ameruhusiwa kuahirisha saumu ya Ramadhani. Mtume Mtukufu s.a.w. aliieleza safari kuwa ni kipande cha adhabu, kwa sababu humnyima mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake. Ikiwa Mwenyezi Mungu amempunguzia msafiri hata ibada Yake kwa kuujua udhaifu wa mwili, je, ni ushujaa gani huu wa mtu kukataa kuukiri udhaifu huo mbele ya usukani?

Deni la damu

Sasa tufike kwenye kiini. Wako wanaosema: "Hakukusudia. Asiyekusudia hana dhambi." Hebu tuitazame Kurani Tukufu. Katika Sura Al-Nisaa imetajwa hukumu ya aliyemuua mwaminio kwa kukosea, si kwa kukusudia. Hakuambiwa aende zake. Ameamriwa kumwacha huru mtumwa, na kuwalipa jamaa wa marehemu fidia, isipokuwa wao wenyewe wakisamehe kama sadaka. Na asiyeweza kupata wa kumwacha huru, afunge miezi miwili mfululizo, kuwa ni toba.

Hoja hii peke yake inatosha. Kama tukio lile lingekuwa amri ya Mungu tupu, isiyo na sehemu ya mwanadamu ndani yake, Mwenyezi Mungu angemdai mwanadamu toba ya nini? Yeye aliyekadiria mauti ndiye aliyeiandika fidia. Kwa hiyo anayejificha nyuma ya kadari ili asilipe, anaitumia nusu ya maneno ya Mungu kuivunja nusu ya pili.

Tutazame pia jinsi hukumu hii ilivyogawanywa. Ina sehemu ya watu na sehemu ya Mungu. Fidia inakwenda kwenye ile nyumba ya Nyakahura, kwa mama aliyekuwa akingoja ndizi na sasa anangoja mtu asiyerudi. Wao, na wao peke yao, ndio wenye haki ya kusamehe. Mkwe hawezi kumsamehe mkwewe kwa niaba yao, wala imamu, wala wazee wa matanga. Sehemu ya pili, yaani kafara, ni baina ya mtu na Mola wake. Siku hizi ziko bima, na ni jambo jema, maana huwafikishia wafiwa fedha. Lakini bima haiwezi kufunga saumu kwa niaba ya mtu, wala kwenda kupiga hodi katika nyumba ya wafiwa.

Wasomaji wengine huiona kafara kuwa ni adhabu tu. Ukweli ni kwamba ndani yake mna rehema kubwa. Mtu aliyetoa uhai wa mwenzake bila kukusudia hubeba moyoni kitu kizito ambacho maneno ya "usijali, ni kazi ya Mungu" hayakiondoi. Usiku humrudia sauti ya baiskeli ikivunjika. Dini imempa mikono yake kazi ya kufanya: siku sitini za njaa na sala, moja baada ya moja, mpaka moyo upate njia ya kurejea. Anayemwambia kuwa hana la kufanya kwa sababu yote yaliandikwa, anadhani anamfariji, kumbe amemfungia mlango wa pekee wa kutokea.

Madereva wawili

Je, yule wa pili aliyefika salama? Swali hili limewasumbua hata wanafalsafa. Mwaka 1976 Bernard Williams wa Uingereza na Thomas Nagel wa Marekani walijadili jambo waliloliita bahati katika maadili. Nagel alitoa mfano wa dereva aliyezembea kukagua breki zake: mtoto akitokea barabarani, dereva huyo atajilaumu maisha yake yote, asipotokea, uzembe ni ule ule, na hapana mtu atakayemlaumu sana. Inakuwaje hatia ya mtu itegemee kama mtu mwingine alipita au hakupita?

Kwa maoni yetu, mgawanyo tuliouona katika Sura Al-Nisaa unafungua fundo hili. Deni kwa watu hupimwa kwa madhara yaliyotokea. Dereva wa kwanza anadaiwa fidia, wa pili hadaiwi, kwa sababu hakuna nyumba iliyofiwa kwa mkono wake. Lakini mbele ya Mwenyezi Mungu, Ambaye huiona nia na uzembe kabla ya matokeo, wote wawili walifanya jambo moja: walijua kuwa hawafai kuendesha, wakaendesha. Toba inawapasa wote wawili. Tofauti ni kwamba wa kwanza amelazimishwa kutubu na msiba, ilhali wa pili amepewa nafasi ya kutubu bila msiba. Hiyo ndiyo maana halisi ya Alhamdulillahi yake. Akiitamka kisha kesho akaendesha kwa tairi lile lile, atakuwa ameipokea neema kama cheti cha kuendelea na kosa.

Na sisi tulio wengi ndio huyo dereva wa pili. Tumefika salama mara mia, tukadhani tumefika kwa sababu tunafaa.

Mume na mke baada ya msiba

Tumrudie mke aliye na mkono wa bendeji. Wanazuoni wa lugha husema neno "safar" lina nasaba na kufunua, kwa kuwa safari hufunua tabia za watu. Imepokewa pia kuwa Seyidna Umar r.a., mtu alipomdhamini mwenziwe kwa wema, alimuuliza kama aliwahi kusafiri naye. Safari ya mume na mke huyu imefunua mambo mawili: mume asiyesikiliza, na mke aliyesema mara moja akanyamaza.

Huyu mke alifanya vema kusema. Kumtii mume hakumaanishi kumtazama akielekea shimoni, na mwanamke anayesema "simama" ametimiza haki ya mumewe, haki ya nafsi yake, na haki ya mtu asiyemjua aliye mbele na baiskeli. Tungependa wanawake wa jamii zetu waseme mara ya pili na ya tatu, na waume wajue kuwa sauti ile ni sehemu ya ulinzi ambao wameuomba kwa Mungu walipoanza safari.

Lakini sasa maji yamemwagika. Mume anataka kusema "ni amri ya Mungu", na mke anataka kusema "nilikuambia". Hapa Kurani Tukufu imetuwekea kioo cha ajabu katika Sura Al-A'raf. Iblisi alipokosea, alimgeukia Mwenyezi Mungu na kudai kuwa Yeye ndiye aliyempoteza. Adamu na mkewe walipokosea, hakumtupia mmoja mwenzake, wala hawakumtupia Mungu. Walisema kwa pamoja kuwa wamezidhulumu nafsi zao, wakaomba msamaha. Kwa hiyo mtu wa kwanza kujitetea kwa kadari alikuwa Iblisi, na mume na mke wa kwanza walijitetea kwa kukiri. Mume wa Nyamiaga na achague amfuate nani. Neno "Ni mimi" likitoka kinywani mwake, lile la "nilikuambia" litakufa lenyewe mdomoni mwa mke.

Mchunguzi mwerevu atauliza: "Mbona iko Hadithi kwamba Musa a.s. alimlaumu Adamu a.s., naye Adamu akamjibu kwa hoja ya kadari, na akashinda?" Ndiyo, Hadithi hiyo ipo, imo katika Bukhari na Muslim. Lakini wanazuoni wameeleza kwamba Adamu alikuwa amekwisha tubu na kusamehewa; kilichobaki kilikuwa msiba tu, yaani kutoka bustanini. Kutokana na hayo wametoa kanuni nzuri: kadari hutajwa katika misiba, haitajwi katika makosa. Aliyekwisha kukiri, akatubu, akalipa, kisha bado moyo unamwuma kwa yasiyoweza kurudi, huyo ana ruhusa ya kuegemea kadari na kupumzika. Kadari ni mto wa mwenye toba. Haikuwekwa kuwa ngao ya mzembe.

Basi, ndugu wasomaji, tuseme nini katika matanga? Tusimhukumu mfiwa, wala tusigeuze mkeka wa msiba kuwa baraza la polisi. Kwa waliofiwa tuseme kuwa sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea, na hilo ni kweli kwa kila aliyekufa. Lakini msiba ukiisha, tuulize juu ya tairi. Tuulize juu ya usingizi. Tuulize kama nyumba ya yule aliyegongwa imetembelewa. Na kabla ya kuanza safari zetu wenyewe, tusome dua ya safari, kisha tuinamie magurudumu na kuyatazama, kwani kutazama huko nako ni sehemu ya dua.

Mwenyezi Mungu atujalie kumtegemea kama Alivyofundisha, Atuepushe na kumsingizia makosa yetu, na Awape subira wale wote ambao njia zetu zimewanyang'anya wapenzi wao. Amin.